Sifa za Geti la Lodoare

Kreta ya Ngorongoro imekwishasifiwa ya kutosha. Imepigwa picha za kalenda, imetengenezewa filamu, na tangu 1979 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Faru wana wasifu wao, simba wana wao, na hata fisi, mnyama ambaye bibi zetu walimtumia kututisha tulale, siku hizi ana watafiti wanaomfuata miaka nenda miaka rudi na kumtetea kwamba si mwizi kama tulivyodhani. Aliyebaki bila wa kumsifu ni geti. Kila anayeshuka Kreta kutokea Karatu amelipita, na kila aliyelipita ana la kusema juu yake, lakini sijasikia hata mmoja akisema jema. Nashika kalamu kuondoa aibu hiyo.

Geti la Lodoare liko juu ya mji wa Karatu. Ukitoka mjini, lami inapanda kati ya mashamba ya ngano na kahawa, lami ile ile iliyovutwa kutoka Makuyuni kwa msaada wa Japani, nyororo mpaka abiria wanasinzia. Inafika getini, inakoma. Mbele ni udongo mwekundu, kona na ukungu hadi ukingoni mwa Kreta. Yaani unaanza kulipa pale pale barabara inapoanza kuharibika. Wenye roho ndogo huona mambo yamepinduliwa. Mimi naona ustaarabu. Ungelipia lami, ungedhani umenunua lami. Ukilipia vumbi, hakuna atakayebisha kwamba umetoa kwa moyo.

Na geti hili lina nasaba. Katika karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipofika Ugogo ilisimama na kutoa hongo kwa watemi: nguo, shanga, nyaya. Mwenye visima ndiye aliyepanga kiwango, na mwenye kiu hakuwa na muda wa kubishana. Unguja nako, mkataba wa 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani ulisema meli ya Mmarekani italipa asilimia 5 ya bidhaa inazoshusha, basi. Nahodha aliondoka Salem akiijua hesabu yake. Pembe za ndovu kutoka bara hazikupata bahati hiyo. Zilitozwa kwa viwango vilivyopishana, kutegemea zimetoka wapi na nani kazileta. Tangu enzi hizo, basi, hakuna msafiri wa nchi hii aliyeshangaa kwamba analipa. Ugomvi umekuwa ni nani anayelipa sawa na nani.

Hapo ndipo geti la Lodoare linapowashinda watemi wote wa Ugogo. Linatoza sawa.

Njoo asubuhi, saa kumi na mbili, utazame. Magari yamejipanga, injini zinanguruma, wageni wamevaa makoti waliyoambiwa hayatahitajika Afrika. Madereva wamesimama kando wakipeana habari, vikombe vya chai mkononi, kila mmoja na karatasi zake za malipo. Kijana mmoja anamsogelea dereva mtu mzima.

"Shikamoo mzee. Leo umebeba wangapi?"

"Marahaba. Wawili tu, bwana mdogo. Wako fungate."

"Wawili, na wanashuka?"

"Wanashuka."

Kijana anatikisa kichwa kama aliyepewa habari za msiba, kwa sababu hesabu ameshaipiga. Gari la wageni likishuka Kreta hulipiwa dola 250, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 zinakuwa 295. Hiyo ni ya gari. Mgeni mtu mzima kutoka nje ana kiingilio chake cha dola 60, na VAT inaifikisha 70.80, kwa saa ishirini na nne. Gari lenye wageni sita likishuka, kila mmoja anabeba kama dola 49 za ile 295. Bwana na bibi harusi wa mzee wanabeba 147.50 kila mmoja, na hilo ni penzi lao la siku ya kwanza. Geti halihesabu viti. Linahesabu magari, na mbele yake gari lililojaa na gari lenye kiti kimoja cha mgeni ni ndugu wa tumbo moja.

Usawa huu haupatikani kwingine. Chukua mtu wa Karatu mwenye Landcruiser moja. Aliinunua mkononi, akaipeleka karakana za Arusha ikarefushwa kiunzi na kukatwa paa ili wageni wasimame watazame, na mkopo bado unamtazama yeye. Wateja wake ni wale wanaolala nyumba za wageni za mjini na kuamua jioni kwamba kesho washuke. Wakiwa watano, anacheka. Wakiwa wawili, anawaambia bei, wanatazamana, wanaomba wakafikirie, na ikifika asubuhi wameshafikiria kwenda kutembea mashamba ya kahawa. Sasa chukua kampuni yenye magari mengi na ofisi Ulaya inayokusanya wageni mwaka mzima. Viti vyake vinajaa kwa kompyuta kabla ndege haijatua KIA. Hawa wawili wakifika getini hawabaguliwi hata kidogo. Kila gari 295. Mwenye gari moja anaweza kurudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba leo ametendewa sawa kabisa na tajiri, na kwamba ndiyo maana hakuna ada ya shule.

Nani kasema geti halifundishi? Limewafanya madereva wa Karatu kuwa mahodari wa kugawanya kwa kichwa kuliko watoto wa darasa la saba. Limewafundisha uvumilivu siku mtandao unaposumbua na namba ya malipo inagoma kusomeka, nao wanakaa wakijadili faru alionekana wapi jana na vitunguu vya Mang'ola vimefika bei gani. Limefundisha jiografia pia. Barabara ya Serengeti inapita ndani ya hifadhi, na mgeni anayelala Serengeti na kurudi Karatu hulipa akienda na akarudi akalipa, hata kama Kreta aliitazama dirishani tu huku gari likiwa mwendoni. Hajakanyaga kitu ila kivuli chake, lakini kivuli nacho kina uzito.

Wapo wanaodhani ni wajanja. Wanakwepa Lodoare kwa kuzungukia Mto wa Mbu, wakapita Engaruka na Ngaresero kandokando ya Ziwa Natron, kuelekea Loliondo. Njia ni ndefu, inavunja springi, na imejaa vizuizi vya halmashauri vinavyomngoja mtalii kwa risiti mkononi, kimoja baada ya kingine. Mtu aliyekimbia geti moja anajikuta amepewa ukoo mzima. Wengi hurudi Lodoare wakiwa na heshima mpya.

Mwenyeji naye hakusahaulika. Basi linalotoka Arusha kwenda Musoma kwa kukatiza Ngorongoro na Serengeti linabeba wauguzi, walimu na akina mama wenye ndoo za mahindi waliokwenda kumwona mjukuu. Mtanzania halipi dola 60. Kiingilio chake ni shilingi 11,800, na ni halali kumshukuru aliyepanga tofauti hiyo. Ila nauli ni nauli na kiingilio ni kiingilio, na mama wa ndoo ya mahindi anapopita katikati ya nyumbu maelfu bila hata kugeuza shingo, kwa sababu amelala, amefanya utalii. Awe amependa au hakupenda, nchi imempa nafasi.

Niseme ukweli mmoja bila mzaha, nisije nikaitwa mchochezi. Geti lina kazi. Eneo la hifadhi, lililotengwa na Serengeti mwaka 1959, ni kilomita za mraba zaidi ya 8,000, na askari wanaolilinda hawali nyasi. Faru weusi wa Kreta walikuwa zaidi ya mia moja katika miaka ya 1960. Ujangili uliwapunguza wakabaki kumi na kitu katika miaka ya 1990. Waliobaki hawakubaki kwa maombi. Na kama kushuka kungekuwa bure, sakafu ile ya kilomita za mraba kama 260 ingekuwa stendi ya Kariakoo yenye simba. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sina ugomvi na tiba. Nauliza tu ni mwenyeji yupi anayepona.

Kwa upande wa wanaovuka maji, nchi hii iliwahi kutoa mfano wa kunyoosha mambo. Mwanzoni mwa 2012, nauli ya kivuko cha Kigamboni ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200 na watu wakalalamika, John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, aliwajibu kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi au azunguke kwa njia ya nchi kavu. Kauli ilimpa maadui na watu wa kumshangilia kwa wingi unaokaribiana. Ila Kigamboni ilikuja kupata daraja mwaka 2016, na hapo aliyekuwa mnyonge kivukoni akageuka mfalme: mwenda kwa miguu anapita bure, gari linalipa. Bahati mbaya Lodoare haina pa kupiga mbizi, na aliyewahi kujaribu kupita kwa miguu ndani ya hifadhi ameona kwamba nyati hawasomi sera.

Nisije nikaonekana naisifu nchi yangu tu. Uingereza kuna watu wanaoishi ndani ya mashua nyembamba kwenye mifereji iliyochimbwa zamani kubebea makaa ya mawe. Chombo kinachosimamia mifereji hiyo, Canal & River Trust, kilianza Aprili 2024 kuwaongezea ada ya leseni wale wasio na gati la kudumu, wanaohamahama na mashua zao. Wahamaji wakasema: wengi wetu ndio tusio na uwezo wa kukodi gati, kwa nini tulipe zaidi? Wenye magati wakajibu: nyinyi ndio mnaotumia maji kila siku, na sisi gati tunalilipia pembeni. Kila upande uliinua neno haki. Ukiwaleta wote Karatu asubuhi moja, ukawapa chai, wangeelewana na madereva wetu bila mkalimani.

Lakini hodari wa haki katika eneo lile ameajiriwa bila mshahara. Ni nyani. Kundi lao limeweka makao karibu na geti, na wao ndio watozaji ninaowavulia kofia. Dereva anapokwenda dirishani na karatasi zake, dume moja kubwa linatua juu ya boneti, linachungulia, linaona kioo cha nyuma kimeachwa wazi kiasi cha kiganja. Mkono unaingia, unatoka na boksi la chakula cha mchana. Dume linapanda juu ya paa la gari jirani, linafungua boksi kwa utulivu wa karani, linakula ndizi na yai, linaangusha sandwichi ya jibini ambayo hata mgeni mwenyewe asingeila. Angalia sera yake. Mwenye chakula kingi anatozwa kingi. Asiye na kitu haguswi. Uraia hauulizwi, namba za usajili hazisomwi, VAT haijulikani. Na hakuna gari linalolipia viti vitupu, kwa sababu kiti kitupu hakina boksi.

Ninachohofia ni siku geti litakapojifunza kupima kama nyani. Dalili zipo serikalini kwenyewe. Leseni ya biashara ya utalii, ile tunayoiita TALA, mwenye gari moja alikuwa akiilipia dola 2,000 kama mwenye kundi la magari. Baadaye mtu aliketi, akafikiri, akashusha ada ya wenye gari moja hadi matatu ikawa 500. Dunia haikuanguka. Karatu walizaliwa wenye kampuni ambao zamani wangebaki madereva wa watu. Hata ada ya magari kuingia hifadhini hupangwa kwa uzito wa gari na mahali liliposajiliwa. Kwa hiyo kupima tunajua. Tunapima TALA, tunapima uzito, tunapima uraia. Tunaposhuka Kreta tu ndipo mizani inawekwa chini na watu wote wanaambiwa 295.

Wanaopanga viwango nawaomba jambo dogo. Mkikaa tena na jedwali lenu, ongezeni safu moja ya idadi ya wageni ndani ya gari, au punguzeni ya gari na mwiongeze ya kichwa, ili hifadhi isipoteze hata senti na yule wa Landcruiser moja aweze kushusha wawili bila kuomba radhi nyumbani. Mtu wa hesabu na kalamu ya risasi anaimaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Na wewe msomaji utakayekuja, lipia mapema, chukua risiti yako, na ukifika Lodoare funga vioo vyote. Wale wa juu ya boneti hawarudishi chenji.