Arubaini ya Peugeot

Mama aliposikia Peugeot yangu ikiwaka kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, alitoka uani na unga mikononi akauliza neno moja tu: "Imejifungua?"

Hakuwa mbali na ukweli. Fundi alikuwa ameifumua injini yote, vyuma akavitandaza juu ya gunia chini ya mwarobaini, na kila nilipopita nilivihesabu nikaona vimeongezeka. Uzuri wa hizi 504 ni kwamba silivu zake huchomolewa kama vikombe. Bloku haichongwi. Wachomoa za kale, watia mpya pamoja na pistoni na ringi zake. Kabla ya kuipachika silivu ya kwanza, fundi alinipa niishike. Ndani ilikuwa na mikwaruzo myembamba iliyopishana kama ukili wa mkeka.

"Usidhani ni ubovu huo, mwalimu," akasema. "Hapo ndipo oili hukaa, na hapo ndipo ringi zitajisugua mpaka zizoeane na ukuta. Zikizoeana, gari hili mtarithishana. Zikikataana, utanunua oili kama unavyonunua maji."

Akanipa masharti. Kilomita 500 za mwanzo nisizidi mwendo wa 60. Nisishike mwendo mmoja muda mrefu. Nisiiache ikinguruma imesimama. Mzigo, hata wa kusingiziwa, nisibebe. Nikifikisha 500, nimpelekee amwage oili. Nikaandika mileji nyuma ya daftari la mahudhurio: 87,412.

Mama alikuwa akisikiliza tangu mwanzo. "Basi hiyo ni arubaini," akakata shauri. "Hata mimi nilipokuzaa wewe sikunyanyua ndoo." Toka siku hiyo gari likawa mzazi. Asubuhi, kabla hajaniuliza kama nimekunywa chai, huuliza kama mzazi amekunywa maji.

Tatizo ni kwamba mzazi huyu ilibidi anipeleke Kilifi, na kutoka Malindi ni kilomita kama 60 za lami ambayo kila dereva huiona yake peke yake. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, ikashinda tena 1978. Yangu ilipitwa na tuktuk Msabaha. Tuktuk yenyewe ilikuwa imebeba godoro la futi sita, na juu ya godoro alikaa kijana aliyenipungia mkono kwa huruma. Gede, wanakofuga vipepeo tangu 1993 na kuwauza ng'ambo kabla hawajatoka magandani, kipepeo mmoja aliingia dirisha la kushoto, akazunguka kichwani pangu, akatokea la kulia akaenda zake mbele. Hayo ya mbele ndiyo yaliyoniuma.

Kisha kuna honi. Matatu husimama nyuma yako kama mdai. Nikakumbuka kwamba zamani gari lililotoka kutengenezwa injini lilibandikwa kibao nyuma cha kuwaomba wenzake walipite. Nikakata boksi, nikaandika kwa herufi kubwa: INJINI MPYA. TAFADHALI PITA.

Honi zilipungua siku hiyo hiyo. Nilipoegesha Matsangoni kunywa dafu, akaja bwana mmoja amevaa kikoi, akalizunguka gari mara mbili, akapiga boneti kwa kidole kama anayechagua tikiti.

"Ami, wauza ngapi?"

"Nauza nini?"

"Injini. Si umeandika mwenyewe, injini mpya, tafadhali pita? Nimepita."

Karibu na Tezo, mwenye Probox alinifikia ubavuni, akashusha kioo, akataka kujua kama ni ya petroli au dizeli, na kama naweza kupunguza kidogo. Nilikuwa tayari nimepunguza. Kibao sikukitoa, kwa maana wanunuzi hawapigi honi.

Jioni nilipeleka habari barazani, kwenye kahawa chungu, wazee wakagawanyika misikiti miwili. Mzee aliyeendesha lori miaka mingi alisema injini ya kubembelezwa huwa mvivu. "Ipe mlima, ringi zisukume ukuta! Ukiilea kwa 40 kila siku, ukuta utalainika kama kioo, oili itapenya, utatoa moshi wa buluu mpaka kiama." Jirani yake akamjibu kwamba maneno hayo hayo yalisemwa na mtu aliyeiua Land Rover kabla haijafika Mida. Kwa ninavyoona mimi, walikuwa wakigombania kitu kimoja: ringi hutaka kusukumwa kidogo, zipumzishwe, zisukumwe tena. Basi nikawa napanda 60, nashuka 40, napanda tena, njia nzima. Mwalimu mwenzangu niliyempa lifti alivumilia mpaka Roka, kisha akaniuliza kwa upole kama usiku nilipata usingizi.

Nikaendelea hivyo wiki baada ya wiki, macho kwenye mshale wa mwendo. Asubuhi moja, nikingoja mifugo ivuke barabara, nikazitazama namba. 87,412. Nikafungua daftari. 87,412. Kwanza nilijisifu kwa kuendesha kwa uangalifu kiasi kile. Halafu akili ikanirudia, nikageuza gari.

"Mileji?" fundi alishangaa. "Hiyo ilikufa zamani, kabla ya injini. Mshale ndio uliobaki hai. Nilidhani wajua." Akachomoa kijiti cha oili, akaisugua kati ya vidole viwili, akainua mkono juani. Ilikuwa nyeusi, lakini ndani yake mlimeta vumbi jembamba la fedha. Akanusa. "Umekwenda Kilifi mara ngapi?"

Nikahesabu kwa madafu. Safari tisa, kwenda na kurudi.

"Elfu moja na themanini." Akaifuta mikono kwa tambara, akanitazama kwa jicho la mkunga. "Oili umeichelewesha, ila ringi zimekaa. Arubaini imekwisha." Akaimwaga, akatia mpya, na kabla sijafunga boneti akaongeza: "Kuna kitanda cha shemeji yangu, kiko hapa tu, nyuma ya msikiti. Chaenda Gede."

Tulikuwa bado twakifunga kamba, kibao kikichungulia chini ya miguu ya kitanda, mtu akasimama kando ya barabara akauliza injini ni kiasi gani. Fundi, bila kugeuza shingo, akamtajia bei.