Vijiti Vinne, Mwendo wa Kobe

Hongera, bwana mkubwa. Prosesa yako ya AMD Ryzen 7000 ilikuwa inapepea na vijiti viwili vya RAM ya DDR5, ila zile nafasi mbili tupu kwenye mazabodi zikakunyima usingizi, ukazijaza. Sasa kasha linawaka taa kama ukumbi wa harusi! Lakini AMD wenyewe wanaahidi kasi ya 5200 MT/s kwa vijiti viwili; kwa vinne, 3600 tu. Kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa ni kilekile, umekizidishia mzigo, na mawimbi ya umeme yanapigana vikumbo njiani. Wewe? Umeng'ang'ania 6000. Skrini nyeusi, feni zinavuma, nawe umeinama kufuta mipangilio ya BIOS, mara ya tatu leo. Ila taa zinapendeza.