Hotuba Juu ya Upelelezi wa Mpakani, Kama Ilivyotolewa na Mjuzi Wake wa Pekee

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, na nyinyi wa viti vya nyuma mliofuata harufu ya haluwa: tulieni. Mimi ni mtaalamu wa hadithi za upelelezi wa mpakani. Cheo hicho nimejivika mwenyewe, baada ya uchunguzi wa kina kunithibitishia kwamba hapana mwingine mwenye sifa za kunivika. Dai langu ni moja, na nawaomba mlipokee kwa adabu inayolistahili. Mpaka wa nchi hauonekani kwa macho, husikika kwa masikio. Kwa hiyo mpelelezi halisi wa mpakani si yule mwenye bastola wala mwenye lenzi mkononi, bali ni yule anayeketi barazani akanyamaza. Na kwa kuwa hakuna mji unaoketi barazani kuushinda Mji wa Kale wa Mombasa, basi hadithi hizi ni mali yetu, ijapokuwa hatukuziandika. Naona nyuso zimekunjana kuanzia mstari wa tatu. Zikunjueni, ushahidi unakuja.

Tuanze ughaibuni, tusije tukaambiwa hatujasoma. Mwaka 1934 Bibi Agatha Christie wa Uingereza alichapisha Murder on the Orient Express. Treni inatoka Istanbul, inakwama kwenye theluji huko Yugoslavia, mtu anauawa kitandani mwake, na behewa limejaa watu wa mataifa chungu nzima. Mpelelezi ni Hercule Poirot, Mbelgiji mwenye masharubu ya kupakwa nta. Sasa sikilizeni, maana wahakiki wengi hupita hapa wakikimbilia kujua nani kaua. Miongoni mwa karatasi anazozikagua Poirot imo pasipoti yenye doa la mafuta, na doa hilo limeficha herufi ya kwanza ya jina la mwanamke. Serikali imepiga mhuri, balozi ametia saini, na tone la mafuta limewashinda wote. Poirot afanyeje? Awaita abiria mmoja mmoja, awakalisha, awaacha wazungumze. Hiyo, waheshimiwa, ni baraza. Imewekewa magurudumu na kufunikwa theluji, lakini ni baraza, na aliyeivumbua hakuzaliwa Uingereza.

Hapo mkaidi wa kwanza husimama na pingamizi lake: Mombasa si mpakani. Mpaka, asema, uko Lunga Lunga, kusini huko baada ya Msambweni, na mwenye shaka apande matatu akatazame. Namsikitikia. Mstari anaouzungumzia ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba, pasipo mtu wa Vanga kuulizwa hata saa ngapi. Lakini mwaka huo huo watu hao hao walikubaliana pia kwamba ukanda wa maili kumi kutoka baharini ni wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 Mwingereza akaukodi ukanda wetu kwa pauni 11,000 kwa mwaka, na kuanzia hapo hadi tarehe 12 Desemba 1963 kisiwa hiki kikawa cha mwenye nyumba mmoja na mpangaji mwingine. Tangu 1920 bara ilikuwa koloni, pwani himaya. Garimoshi la kwenda Kisumu lilivuka kutoka milki ya mfalme mmoja hadi ya mwingine bila kupiga honi. Na Ngome ya Yesu? Tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela ya Mwingereza, na juu yake ilipepea bendera nyekundu ya Sultani. Mwizi aliyefungwa mle alikuwa ndani ya nchi ipi? Mawakili wangeweza kubishana mwaka mzima, na mwizi akamaliza kifungo chake akaenda zake. Nyinyi mnatafuta mpaka Lunga Lunga, nao ulikuwa hapa hapa, juu ya mlingoti.

Niingie sasa kwenye vitabu vyenyewe. Baba wa upelelezi wa Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi lililoandaliwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, ukachapishwa 1960. Humo ndimo alimotokea Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum wa kumfuata na kushangaa kwa niaba yetu. Wavivu husema Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Kiko nakubali, rafiki wa kushangaa nakubali pia. Lakini mali ya Bwana Msa ni mazungumzo. Yeye huachia watu waseme, husikia neno limekaa pasipo pake, na siri anazofumbua aghalabu ni za uzazi, urithi na jina la mtu: nani mwana wa nani, nani ajiita asivyo. Hayo ndiyo maswali ya mpakani. Afisa wa forodha huuliza hayo hayo, ila yeye huuliza akiwa na haraka.

Pingamizi la pili: Bwana Msa havuki mpaka wowote, yuko kwake tu. Ni kweli, na ndipo inapoonekana akili yake. Kitabu cha kwanza kilipotoka, 1960, msomaji wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, na mwandishi wa Unguja walikuwa na Sultani mmoja. Tarehe 8 Oktoba 1963, kwa hati zilizotiwa saini London, ukanda wa pwani ukakubaliwa kuwa sehemu ya Kenya. Januari 1964 Mapinduzi yakamwondoa Sultani mwenyewe. Kisima cha Giningi, kisa kingine cha Msa, kilipochapishwa, 1968, msomaji yule yule, kwenye kiti kile kile, alikuwa anasoma kitabu cha nchi nyingine. Hakuinuka mtu. Mpaka ulipita katikati ya kurasa, Bwana Msa akaendelea kuvuta kiko. Willy Gamba wa Elvis Musiba alihitaji risasi kibao na safari ya Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi, 1979, kupata kile ambacho Msa alikipata kwa kukaa kitako. Simdharau Gamba. Ni kijana shupavu na ana nguo nzuri. Lakini mtu anayefika kila nchi kwa kishindo hukuta wenyeji wamekwisha nyamaza.

Sasa naomba mikono itoke kwenye haluwa, kwani tumefika kwenye kiini. Barabara kubwa ya Mji wa Kale inaitwa Ndia Kuu. Si Njia, ni Ndia. Anayeitaja amekwisha onyesha pasipoti yake, bila mhuri na bila picha. Kimvita husema mato kwa macho na tini kwa chini, na kahawa inayomwagwa kutoka kwenye dele, katika vikombe visivyo na mkono, ni kahawa tungu. Chukueni mgeni aliyeteremka Bandari ya Kale usiku, ana kikoi cha hapa, kofia ya hapa, na kitambulisho kisicho na doa la mafuta. Asubuhi ajipitisha kwa muuza kahawa, aagiza kwa heshima zote “kahawa chungu.” Muuzaji hainui hata uso. Amimina, apokea pesa, amrudishia chenji. Kabla kikombe hakijapoa, baraza nzima inajua kwamba kuna mtu, ametoka upande wa visiwani, hataki ijulikane, na pengine ana mzigo. Wakati huo bibi wa nyumba ya pili amwita mjukuu wake, “Ndoo!”, na yule mgeni ageuka kutafuta ndoo ya maji. Kesi imekwisha.

Na mzigo upo. Baada ya Mapinduzi serikali ya Zanzibar ikawa mnunuzi pekee wa karafuu, kwa bei aliyoipanga mnunuzi huyo huyo, na karafuu za Pemba zikajifunza kuvuka bahari usiku kuja kutafuta bei nzuri huku kwetu. Magendo hayo ni riwaya iliyokwisha jiandika: mashua isiyowasha taa, mkondo wa Pemba, gunia chini ya samaki. Lakini hebu fikirini ujinga wa mhalifu mwenyewe. Kati ya bidhaa zote za ulimwengu, amechagua kuificha ile inayonukia mitaa mitatu. Polisi wa nchi nyingine hufuga mbwa kwa kazi hiyo. Mji wa Kale una mashangazi madirishani.

Linabaki pingamizi kubwa, nalo nimeliacha makusudi hadi mwisho, kama afanyavyo mwandishi yeyote wa upelelezi anayejiheshimu. Wasema: ikiwa Mombasa ina mpaka, ina bandari, ina magendo, ina masikio, mbona Bwana Msa alizaliwa Unguja, na Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla akapokea Simu ya Kifo huko Dar es Salaam mwaka 1965? Yuko wapi mpelelezi wetu? Jibu ni la kisayansi. Riwaya ya upelelezi huishi kwa siri. Yataka watu mia wasiojua na mmoja anayejua. Hapa wanaojua ni mia, na asiyejua ni mmoja, naye kwa kawaida ni mwenye mke. Mtu akiuawa Ndia Kuu alfajiri, adhuhuri Kibokoni wamemjua aliyeua, alasiri Kuze wamejua sababu, na baada ya Isha wamekwisha gawa urithi. Mwandishi angepata ukurasa mmoja na nusu, pamoja na shukrani. Walipo wengi, wamesema wazee, haliharibiki neno. Nami naongeza, kwa mamlaka niliyojipa, kwamba neno lenyewe halifichiki. Kwa hiyo kutokuwepo kwa riwaya ya upelelezi ya Mji wa Kale ndio uthibitisho mkubwa kuliko wote kwamba Mji wa Kale ndio makao yake, na anayepinga hoja hii aseme kwa sauti, ili tusikie lafudhi yake ni ya wapi.

Maswali hayatapokelewa hapa. Yapelekeni barazani, majibu yalifika huko tangu jana. Na yule bwana wa kiti cha nyuma aliyemwomba mwenzake “kahawa chungu” nilipokuwa nazungumzia Kinshasa, tafadhali abaki kidogo.