Mji Umeshajengwa? Nani Kasema!

Mfyuu! Hapa Manzese watu wana maneno. Binti wa jirani kachaguliwa Chuo Kikuu Ardhi, shahada ya mipango miji na mikoa, na kabla kahawa haijapoa kijiwe kimeshatoa hukumu: "Si angesoma udaktari tu? Hiyo mipango atampangia nani, na mji wenyewe umeshajengwa?"

Umeshajengwa? Wazee wangu, hebu ingieni kichochoro chochote nyuma ya hapa siku ya mvua kubwa. Mtamkuta mtu anatapisha choo, maji yanapita mlangoni kwa jirani, kwa sababu gari la majitaka haliwezi kumfikia. Moto ukishika, zimamoto inaishia barabarani na watu wanakimbizana na ndoo. Tukifiwa, jeneza linalazwa ubavu ili lipite kwenye kona. Kweli nyumba zipo, tena nyingi. Ila njia hakuna, mtaro hakuna, na mtoto wa darasa la kwanza anavuka barabara kuu kwenda shule kwa sababu hakuna aliyebakiza eneo la shule.

Wala msiniambie ramani hazikuwepo. Dar es Salaam ilichorewa mpango kabambe mwaka 1949, ukaja wa 1968, ukaja wa 1979. Sensa ya 2022 imetukuta watu 5,383,728, na wengi wetu tunalala kwenye mitaa ambayo haikufuata mchoro wowote. Ramani ilikaa ofisini, dalali akakaa mtaani, na dalali ndiye aliyeugawa mji.

Sasa binti anakwenda kusoma nini? Wengi wanamchanganya na mpimaji. Mpimaji anakuja na mashine yake, anaweka bikoni, anaondoka. Kabla ya bikoni lazima mtu awe ameshaamua soko likae wapi, barabara iwe na upana gani, maji ya mvua yashukie upande upi, kiwanja kipi kiachwe wazi hata kama kuna mtu anakitolea macho na mamilioni mkononi. Ndiyo kazi ya mipango. Wanasoma sheria za ardhi, takwimu, mazingira, uchumi wa miji, ramani za kompyuta. Tena wanatolewa darasani, wanapelekwa mitaani kuhesabu, kuuliza na kukaa na watu.

Hapo pa kukaa na watu ndipo penye utaalamu wenyewe. Chukueni Hanna Nassif, pale Kinondoni. Miaka ya 1990 ulikuwa mtaa wa mafuriko na vichochoro kama huku kwetu. Halmashauri ya jiji, wafadhili na wataalamu kutoka Ardhi wakaingia, lakini hawakuja na tingatinga. Wakazi walikaa vikao, wakakubaliana njia ipite wapi, kisha wao wenyewe wakachimba mitaro na kutengeneza barabara za mtaa, wengine kwa ujira. Watu hawakuhamishwa kwa maelfu, na maji yalipata pa kupita. Mtaalamu aliyeketi kwenye mkeka akasikilizwa, naye akasikiliza, amefanya kazi ambayo mipango kabambe mitatu haikuifanya.

Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita kata kwa kata, wakiongozana na wenyeji, wanaweka kwenye ramani kila nyumba, kila mtaro, kila kivuko. Tandale ilikuwa imeshaonja kazi ya namna hiyo tangu 2011. Mwenyeji anajua maji yalifika usawa wa dirisha lipi, mwanafunzi anajua kuligeuza hilo kuwa ramani ambayo mhandisi anaweza kuitumia. Na tuliyaona mafuriko ya Desemba 2011 kwenye bonde la Msimbazi: waliokufa, waliopoteza kila kitu, kisha baadhi kupewa viwanja Mabwepande, mbali na shughuli zilizokuwa zinawalisha. Mtu wa mipango aliyefundwa vizuri anauliza mapema, huyu mama ntilie akihamia huko atamuuzia nani?

Na msidhani ni mambo ya mjini tu. Kuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, inayohusu hata kijiji chako ulikozaliwa. Kule Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vimeunganisha malisho yao, wakaunda eneo moja wanaloliita Olengapa. Kiteto hiyohiyo ambako wakulima na wafugaji wamemwagiana damu! Mpango wa namna hiyo hauchorwi na mtu wa makao makuu peke yake. Unajadiliwa na kupitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Lakini anahitajika mtu anayejua kuuendesha mjadala, kusoma sheria na kuuweka mpaka kwenye ramani. Ndiyo maana Dodoma kuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini.

Ajira? Haya, tuseme ukweli. Kazi za halmashauri zinagombaniwa, na kijana anaweza kukaa muda akisubiri tangazo. Ila mlango si mmoja. Kuna kampuni za upangaji na upimaji, kuna mashirika ya wakimbizi, ya maji, ya mazingira, kuna miradi ya barabara na mabasi, kuna benki na wawekezaji wanaotaka kujua eneo linaruhusu nini, kuna kazi za ramani na droni. Anayetaka kusimama kama mtaalamu anasajiliwa na bodi yake, iliyowekwa kwa sheria mwaka 2007. Na hilo la usajili ni muhimu kwetu sisi wananchi, maana mtaani kwetu tulichangishwa pesa za urasimishaji, vijana wakapita na karatasi, wakaondoka, na hati hadi leo hatujaiona. Hakuna aliyeuliza wamesajiliwa wapi.

Kinachoniuma hasa ni kwamba mtaalamu anaitwa mwisho. Nyumba imeezekwa, choo kimechimbwa, mzee amezikwa uani, ndipo anapelekwa kijana wa mipango kutafuta njia ya mita chache katikati ya kuta. Kila ukuta unaobomolewa ni ugomvi. Halmashauri ingempeleka kijana huyohuyo pembezoni sasa hivi, kule mnakonunua mashamba ya mihogo kwa vipande, kabla tofali la kwanza halijashuka, kazi ingekuwa nyepesi na ya bei nafuu mara nyingi.

Kwa hiyo mwacheni binti asome, na mzazi wake asikatishwe tamaa na maneno ya kwenye benchi. Na wewe unayetaka kununua kiwanja mwezi huu, kabla hujamhesabia dalali pesa, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri. Omba uoneshwe mchoro wa eneo hilo. Kama panapouzwa ni barabara au uwanja wa shule, rudi nyumbani na pesa zako.