Dakika 20 za Kwenda Unguja

Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi Uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kama kilomita 75 tu angani. Ndege huruka dakika 20 hivi. Abiria hajakaa sawasawa, anaambiwa wanatua.

Ila mheshimiwa huyo alitoka Mbezi alfajiri. Akakwama Tazara, akafika akihema, akavuliwa viatu na mkanda kwenye ukaguzi, kisha akasubiri ndege iliyochelewa, huku akiwacheka kimoyomoyo wapanda boti.

Boti ya kasi? Mwendo wa saa mbili hivi. Hung'oa nanga mjini kabisa, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na kushusha watu Malindi, ubavuni mwa Mji Mkongwe. Mwenye dakika 20 bado anapatana bei ya teksi.