Sifa za Sikio Lenye Mapengo

Wapo waungwana wa kwetu wanaoweza kukutajia babu hadi wa saba bila kumeza mate. Ushahidi ni neno lao. Mtoto wa nguruwe wa mbegu safi hana haja ya kujisemea: nasaba yake anatembea nayo masikioni.

Msicheke. Chama cha wafugaji wa nguruwe aina ya Berkshire huko Marekani kilianzishwa mwaka 1875, na dume la kwanza kuandikwa katika daftari lake, Ace of Spades, lilizaliwa katika mifugo ya Malkia Victoria. Naam, huyuhuyu wa kitimoto! Na hadi leo haandikwi mtoto ambaye baba na mama hawamo daftarini. Nguruwe hatambui ukoo wa kubahatisha.

Lakini uzuri wote uko sikioni, katika mapengo yanayokatwa humo kuwa tarakimu. Sikio la kulia hutaja uzao, la kushoto hutaja nafsi. Na kulia ni kulia kwake, si kwako uliyesimama mbele yake. Pengo la ukingo wa chini karibu na ncha ni 1, la chini karibu na kichwa ni 3, la juu karibu na ncha ni 9, la juu karibu na kichwa ni 27, na la nchani penyewe ni 81. Hesabu hiyo hufika uzao wa 161. Mfugaji mdogo mwenye majike mawili, kila moja likizaa mara mbili kwa mwaka, atahitaji miaka 40 kuimaliza, na bado sikio halilalamiki.

Anayelalamika ni mwenye sikio. Hukatwa katika siku zake chache za mwanzo, naye hupiga ukelele wa kuamsha kijiji, huku mama mtu akigonga mlango wa banda kwa pua, akikutaka wewe na koleo lako. Ni nani mwingine hutoa hesabu kwa uchungu wa namna hiyo?

Tena ni hesabu iliyo hai. Ndugu akimng'ata sikio la kulia, juu karibu na kichwa, papo hapo huongezewa 27: wa uzao wa 4 anageuka wa uzao wa 31, mwana wa mama asiyemjua. Siku ya mauzo mnunuzi ajuaye kusoma masikio atamtazama, atamtazama tena, kisha ataomba daftari.