Picha Nane, Ukoo Mzima

Mama aliposikia natafuta kamera ya picha za papo hapo kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu, aliuliza kitu kimoja tu: "Inatoa kopi ngapi?" Nikamweleza haitoi kopi, inatema karatasi moja, basi. Akaniangalia kwa huruma. "Sasa hiyo moja utampa nani?"

Wauzaji hawalijibu swali hilo. Wao ni lenzi na rangi za ganda. Mimi nilianza kuhesabu ndugu. Pakiti ya filamu ya kamera za Polaroid ina picha 8, ya Instax ina 10. Kwa mtu mwingine mbili si kitu, lakini kwetu hizo mbili ni Shangazi na Baba Mkubwa. Jaribu kuwaruka hao uone kikao cha familia kitakavyoitishwa.

Mwenye kosa la asili katika haya yote ni mtoto. Mwaka 1943, huko Santa Fe, Marekani, binti wa mvumbuzi Edwin Land, mwenye umri wa miaka mitatu, alimuuliza baba yake kwa nini hawezi kuiona picha palepale. Baba akaenda kuumiza kichwa, na Novemba 1948 kamera ya kwanza ya Polaroid ikauzwa Boston. Angekuwa mtoto wa kwetu angeambiwa anyamaze, picha zitatoka studio Jumatatu, na dunia ingesalimika.

Kisha kuna joto. Watengenezaji wa filamu ya Polaroid wanashauri itumike kati ya nyuzi 13 na 28. Dar es Salaam mwezi Februari, nyuzi 28 utazipata alfajiri, tena ukiwahi. Instax inavumilia hadi 40. Tena picha ya Instax hukamilika kwa dakika moja na nusu hivi. Ya Polaroid yaweza kuchukua robo saa, na muda wote huo uifiche mwanga, uso chini. Robo saa! Mbele ya mama wadogo watano wanaouliza, "Bado?" Na lazima atokee wa kuipepea. Picha za zamani zilizobanduliwa zilihitaji kukauka. Za siku hizi zimezibwa ndani ya plastiki, kupepea hakusaidii kitu. Mweleze hivyo mjomba aliyekwisha anza kupepea.

Ili kujaribu, niliazima kamera ndogo kwa jirani. Binamu yangu akafungua mlango wa nyuma "kuangalia kama karatasi bado zipo". Zilikuwepo. Mwanga uliziangalia pia, nasi tukapata picha kadhaa nyeupe pe, ambazo binamu alizisifu kwa usafi.

Zile chache ambazo mwanga haukuzifikia zilinifundisha hesabu nyingine. Picha ya Instax Mini ina milimita 62 kwa 46. Mtu mmoja anaenea vizuri. Wapange mashangazi kumi na wawili wenye vilemba, utapata vilemba. Hapo nikahamia Instax Wide, milimita 99 kwa 62, ingawa kamera yenyewe ni kubwa kama tofali na haiingii kwenye mkoba wowote wa heshima.

Siku ya sendofu, picha ya ukoo ilitoka safi, kila kilemba na mwenyewe. Ugomvi wa nani aondoke nayo uliiva kabla rangi hazijaiva. Shangazi akaamua: iwekwe mezani, kila mtu aipige kwa simu yake. Foleni ikawa ndefu kuliko ya pilau. Tatizo likawa taa ya simu ya Shangazi, iliyogonga plastiki na kurudi, na hiyo ndiyo nakala iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp la familia: watu wote wanaonekana, isipokuwa mahali pa uso wa Baba Mkubwa pana jua kali.

Baba Mkubwa anataka irudiwe, na wote wavae nguo zilezile.